Kuwakutanisha vijana wa pande zinazohasimiana Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, viongozi wa vilabu na wazazi wanaotaka kuwakalisha pamoja vijana wa miaka 14 hadi 17 ambao nyumba zao ziko pande mbili za siasa za Zanzibar, CCM na upinzani. Wanaweza kuwa wa shehia moja (eneo dogo linaloongozwa na sheha), wa shehia mbili jirani, au wa visiwa viwili.

Kwa nini vijana wadogo hivi? Kura hawapigi.

Kura hawapigi, lakini ugomvi wameshaurithi. Kijana wa miaka 15 hakuwapo Juni 1961, watu 68 walipouawa katika fujo za uchaguzi Unguja. Hakuwapo Januari 1964, wakati wa Mapinduzi. Hakuwapo tarehe 26 na 27 Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, watu wasiopungua 30 wakafa na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kutoka Pemba kukimbilia Shimoni, Kenya. Hata hivyo, anayasimulia kama aliyeyaona kwa macho, kwa sababu ameyasikia barazani, jikoni na maskani, yaani vijiwe vya wafuasi wa chama. Walio wakubwa kati yao walikuwa watoto wadogo uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, wakakua wakiambiwa duka hili tunaingia na lile hatuingii.

Mwenye miaka 14 anaweza kusikiliza hoja ya mwenzake na kuipima. Hajakabidhiwa kadi ya chama wala hajapewa cheo cha kukilinda. Akishafika 18 na kuwa kijana wa maskani, kila anachosema hadharani kina bei yake, na mazungumzo yanakuwa magumu mara mbili.

Mbona tayari wanasoma darasa moja? Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba makundi yanayochukiana yakikutana, chuki hupungua pale tu panapokuwa na mambo manne: usawa baina yao ndani ya mkutano, lengo moja, kazi inayowalazimisha kusaidiana, na baraka za wakubwa wanaowaheshimu. Darasani wanakaa dawati moja lakini wanashindania nafasi, hakuna kazi inayowafunga pamoja, na mzazi nyumbani hajatoa baraka zozote.

Mwaka huohuo wa 1954, Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa miaka 11 hivi hadi kambi moja Oklahoma, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha. Ilichukua siku chache tu kufikia matusi na kuchomeana bendera. Kuwalisha pamoja hakukusaidia kitu, walirushiana chakula. Walianza kulegea walipokuta maji ya kambi yamekatika na ikabidi wote waitafute hitilafu. Anayepanga kikao Micheweni, Pemba, au Donge, Unguja, aanze kwa kujiuliza: maji yetu yaliyokatika ni yapi?

Tuanzie kwa nani?

Sheha lazima ajue, na barua ya ruhusa ipatikane mapema. Kikao cha watoto kisicho na taarifa kwa sheha kinaweza kuvunjwa siku ileile. Hata hivyo sheha asiwe ndiye mwalikaji. Anateuliwa na serikali, na kwa miaka mingi familia za upinzani zimemwona kuwa mtu wa upande mmoja, hasa katika mambo ya vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi na daftari la wapigakura. Mwaliko ukitoka kwake, nusu ya wazazi watawazuia watoto na hawatakwambia sababu.

Tafuta watu wawili wanaoheshimiwa, mmoja kila upande, waende pamoja nyumba kwa nyumba: mwalimu wa chuo, mkunga mstaafu, imamu, nahodha, mwalimu aliyesomesha kizazi kizima cha mtaa. Waonekane wakipita njiani pamoja. Mtaa mzima utakuwa umesoma jambo kabla hata ya kikao. Tenga wiki tatu kwa kazi hii. Wengi hutenga siku mbili, na vikao vingi hufia hapo.

Wazazi wakisema tunakwenda kuwabadilisha chama watoto wao?

Watasema, na wana haki ya kusema. Wajibu kwa vitendo: waonyeshe ratiba yote, waambie nani analipia, waruhusu mzazi mmoja kutoka kila upande akae nyuma kama shahidi siku ya kwanza na ya mwisho. Siku ya pili, ya masimulizi, wazazi wasiwepo, na hilo lielezwe tangu mwanzo. Fomu ya idhini isainiwe na mzazi au mlezi na kijana mwenyewe akubali. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hana budi kulindwa hivyo. Kijana asiyetaka asiletwe hata kama babake ametaka.

Wawe wangapi, na tutawajuaje upande wao bila kuwauliza?

Vijana 20, kumi na kumi, wasimamizi wanne. Chini ya 12, kila mmoja anahisi kamulikwa. Zaidi ya 24, wanaojua kusema wanateka kikao na wengine wanageuka wasikilizaji.

Usimuulize mtoto chama cha kwao, wala usikiandike kwenye fomu. Karatasi hiyo siku ikipotea unaweza kuwa umemponza. Wale wazee wawili kila mmoja alete majina kumi ya nyumba anazozijua, na orodha zibaki vichwani mwao. Waambie wasilete watoto wa viongozi watupu. Mtoto wa katibu wa tawi anakuja akiwa na hotuba. Mtoto wa mvuvi anakuja na maswali. Chukua wote wawili, lakini wa pili wawe wengi zaidi.

Wavulana na wasichana pamoja?

Ndiyo, kwa adabu za hapa. Wakae duara moja, wasichana upande mmoja na wavulana upande mmoja ikiwa wazazi wanapenda hivyo, na wasimamizi wawili kati ya wanne wawe wanawake wanaojulikana na familia. Mazoezi ya wawiliwawili yafanywe msichana kwa msichana, mvulana kwa mvulana, hakuna kinachopungua. Kama kuna kulala, mabweni mbalimbali na mama mlezi analala na wasichana.

Mahali gani panafaa?

Si tawi la chama, si ukumbi wa serikali, si hoteli. Skuli iliyofungwa kwa likizo au kituo cha walimu kinatosha, mradi pawe na vyoo viwili, maji ya udhu na kivuli. Angalia ukutani. Picha na kalenda za chama zikiwa zimetundikwa, zungumza na mwenye mahali siku mbili kabla. Kuziondoa mbele ya vijana ni ugomvi mpya.

Mkikutanisha visiwa viwili, kuna jambo hupuuzwa: anayesafiri ni mgeni, na mgeni hujizuia. Ukiwaleta vijana wa Wete, Pemba, hadi mjini Unguja kila mara, watoto wa mjini ndio wenye nyumba, wanajua njia, wanajua maduka, na usawa alioutaja Allport haupo tena. Duru ya pili lazima ifanyike Pemba. Na msimcheke wala kumsahihisha kijana anayesema Kipemba. Hilo liwe sharti la kwanza kusomwa, kwa sababu kicheko kimoja tu kitamnyamazisha siku tatu.

Kuhusu bahari: wazazi wengi hawajasahau kuzama kwa MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ikielekea Pemba. Chagueni boti ya mchana, epukeni miezi ambayo kusi inavuma kwa nguvu, na waambieni wazazi jina la boti na saa ya kuondoka.

Ni wakati gani tusifanye?

Miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu na mitatu baada yake. Wiki zinazozunguka tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, na tarehe 26 Januari, siku ya mauaji ya 2001. Ramadhani, kwa sababu saa nane mchana mtu mwenye swaumu hana uvumilivu wa kusikia jambo linalomchoma. Novemba, kwa ajili ya mitihani ya Kidato cha Nne. Na kwa Pemba, uliza kwanza kama karafuu zimeiva. Msimu ukiwa mkubwa, nyumba nzima iko shambani na jioni watoto wanachambua. Ukiwaita utapata wale tu ambao kwao hakuna mikarafuu, na uwiano wako umekwenda.

Mavazi?

Si sare za skuli, kwa kuwa zinataja mtu katoka wapi. Kijani na manjano, rangi za CCM, na zambarau ya ACT-Wazalendo ziachwe nyumbani siku ya kwanza. Waambie waziwazi kwamba jezi ya Yanga imo humo. Wapo watakaobisha kwamba hiyo ni timu tu, na ni kweli, lakini mwenzake aliye mbali haoni timu, anaona kijani na manjano.

Siku zenyewe zinakwendaje?

Siku tatu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na mapumziko ya Adhuhuri na Alasiri.

Siku ya kwanza hakuna siasa hata neno moja. Kazi kubwa ni chakula cha mchana. Kwa watu 24 nunua mchele kilo tatu na nazi sita, yaani nazi mbili kwa kila kilo. Wagawe makundi manne yaliyochanganyika: kundi moja lipewe mchele na ungo, la pili nazi na mbuzi ya kukunia, la tatu kuni na mafiga, la nne sufuria, chumvi na maji. Hakuna kundi litakalokula bila matatu mengine. Mchuzi wa samaki uandaliwe na watu wazima, maana ukiwaachia vyote watakula saa kumi. Msimamizi asikimbilie kusaidia. Mvulana wa mjini akikalia mbuzi kwa mara ya kwanza na kuikuna nazi hadi kifuu, atatokea mtu wa kumwambia "lete hapa nikuonyeshe", na huyo mara nyingi hatokuwa wa upande wake.

Siku ya pili ni ya masimulizi, na zoezi lake ni kurudisha maneno. Wawili wanakaa wakitazamana. Swali ni moja: siku gani siasa iliingia nyumbani kwenu? Wa kwanza anasema kwa dakika tatu, wa pili kimya. Kisha wa pili ana dakika mbili za kurudisha alichosikia, akianza na "Nimekusikia ukisema". Mwenye kisa ndiye hakimu: akisema "sivyo", inarudiwa hadi aseme "ndivyo". Halafu wanabadilishana.

Mfano wa linavyokwenda. Msichana anasema: "Watu waliacha kuja dukani kwetu. Mchele ukaingia wadudu, mama akawa anaupepeta usiku ili majirani wasione." Mwenzake anarudisha: "Nimekusikia ukisema baba yako alikuwa chama kile, ndiyo maana wakamsusia." "Sivyo. Chama sikukitaja." Anajaribu tena: "Nimekusikia ukisema duka lilikosa wateja." "Ndivyo, na mchele je?" "Na mchele uliingia wadudu." "Na mama?" Kimya. "Mama aliupepeta usiku." "Ndivyo." Msimamizi hasemi kitu wakati huo wote.

Zoezi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni neno "lakini". Katika dakika mbili za kurudisha, limepigwa marufuku. Ya pili ni msimamizi mwenye huruma anayeingilia kumsaidia aliyekwama. Mwache akwame. Pale anapokwama ndipo anapoanza kusikiliza.

Siku ya tatu wanachagua kazi moja ya kufanya pamoja nyumbani, ndogo na ya kumalizika ndani ya wiki sita: kusafisha kisima, kupanda mikoko, kufufua timu ya netiboli, kuwasomesha wadogo hesabu. Wakichagua "kuleta amani Zanzibar", warudishe kwenye karatasi wachague kitu kidogo.

Waombane radhi?

Hapana, kabisa. Mtoto wa miaka 15 hakumpiga mtu risasi, hakubomoa nyumba, hakufuta uchaguzi. Ukimtaka aombe radhi kwa niaba ya babu yake unambebesha mzigo usio wake, na unamfundisha kwamba kweli yeye na upande wake ni kitu kimoja. Vilevile, msiwalazimishe kukumbatiana mwishoni ili mpige picha.

Historia ikizuka, nani msema kweli?

Itazuka, hasa 1964. Bandikeni ukutani karatasi ndefu yenye miaka kuanzia 1957 hadi leo. Kila kijana abandike kijikaratasi cha kile kinachosemwa kwao kuhusu mwaka fulani, bila jina. Kisha wasimamizi waweke kwa wino mweusi yale yasiyo na ubishi: tarehe za chaguzi, Muafaka wa CCM na CUF wa 10 Oktoba 2001, mkutano wa Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, wa tarehe 5 Novemba 2009, kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo zaidi ya asilimia 66 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Vijana wengi hushangaa kuona kwamba wakubwa wao walikwisha kaa meza moja zaidi ya mara moja.

Msimamizi asiamue kama Mapinduzi yalikuwa ukombozi au msiba. Ila asikubali pia jambo lililotokea likanushwe. Kuna maoni, na kuna makaburi. Mtu akisema "Januari 2001 hakufa mtu", jibu ni moja na fupi, kwa sauti ya kawaida, kisha mazungumzo yanaendelea.

Maneno gani yanalipua kikao?

"Hizbu" (jina la chama cha ZNP cha kabla ya Mapinduzi) na "chotara" kwa upande mmoja. "Mamluki" na "msaliti" kwa pande zote. "Nyinyi Wapemba" yanapotamkwa kwa dharau. "Rudini kwenu bara". Pia kaulimbiu za vyama, hata zikiimbwa kwa mzaha. Likitokea, msimamizi asifoke. Aseme: "Neno hilo, kwenu linatumika lini?" Kisha amuulize aliyeambiwa: "Na wewe ulilisikia wapi mara ya kwanza?" Likirudiwa kwa kusudi, yule kijana atolewe nje na msimamizi wa upande wake mwenyewe, wazungumze, arudi baada ya mapumziko.

Kijana akilia, au akatoa siri nzito?

Kulia kuna nafasi yake. Apewe maji na mwenziwe wa kukaa naye. Siri ni jambo jingine. Mwanzoni kabisa waambieni: yanayosemwa hapa hayatoki, isipokuwa tukijua kuna mtoto anayeumizwa. Akifichua kupigwa au kudhalilishwa, usimhoji mbele ya watu na usimwahidi kunyamaza. Vituo vya Mkono kwa Mkono vipo hospitalini Unguja na Pemba, na simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo.

Simu na picha?

Simu ziwekwe kwenye kikapu hadi saa kumi. Picha ya kijana wa Mtambwe, Pemba, ameketi bega kwa bega na kijana wa Makunduchi, Unguja, wewe unaiona nzuri. Ikifika kwenye kundi la WhatsApp la maskani inaweza kumletea kipigo. Hakuna picha za nyuso, hata kama mfadhili anazitaka kwa ripoti. Mpe picha ya sufuria.

Posho na mgeni rasmi?

Nauli kamili, chakula kizuri, posho hapana. Ukilipa posho, wazee watakuletea ndugu zao. Mgeni rasmi naye ni hapana. Akija kiongozi wa upande huu, upande wa pili umeshatolewa nje kabla ya dua ya kufungulia.

Wakirudi nyumbani inakuwaje?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi huondoka. Jioni ya siku ya tatu kijana anapita barazani na mjomba anamuuliza: "Haya, wamekufundisha nini wale?" Jibu lake huamua kama atapata kuonekana tena na wale wenzake. Kwa hiyo alasiri ile fanyeni mazoezi: msimamizi ajifanye mjomba, kila kijana ajibu kwa sentensi zake. "Hawakunifundisha kitu, mjomba. Nilisikia kisa cha mtu na mimi nikasema cha kwetu." Kijana aliyekwisha kujibu kwa mchezo hababaiki anapoulizwa kweli.

Wakutane tena ndani ya wiki tatu, kila mmoja na mtu mzima mmoja wa kwao. Kisha kila mwezi kwa miezi sita, kwa ile kazi waliyoichagua. Wapangwe wawiliwawili, na kila jozi iwe na jambo moja: ukisikia uvumi kuhusu upande wa pili, kabla ya kuusambaza mpigie mwenzako umuulize. Ukaribiapo uchaguzi vikao vinasimama, jozi hazisimami.

Akiitwa msaliti, wale wazee wawili waende kwao. Pamoja, kama walivyokwenda mwanzo.

Tutajuaje kama imefaa?

Msihesabu waliohudhuria. Waulizeni kwa karatasi isiyo na jina, kabla ya kikao na baada ya miezi mitatu, maswali yaleyale: umeingia nyumba ya mtu wa upande wa pili? Umeazima daftari? Umekwenda maziko au harusi yao? Umekanusha uvumi hata mmoja? "Hapana" nyingi zikibaki palepale, kikao kilikuwa matembezi tu.

Tuna fedha ya mkutano mmoja. Tufanye?

Ule wa siku tatu wa visiwa viwili, msifanye. Chukueni shehia mbili zinazopakana, ambako wote watakuja kwa miguu, mkaifanye fedha hiyohiyo kuwa Jumamosi nne, moja kila mwezi: ya kwanza chakula, ya pili kurudisha maneno, ya tatu karatasi ya miaka, ya nne kazi. Gharama kubwa itabaki kuwa mchele, nazi na samaki, na skuli nyingi hazitowatoza ukumbi.